Kutoka "inaweza" hadi "imetokea": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vihatarishi vinavyotangazwa na Lockheed Martin

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na watu wanaoanza kusoma taarifa za mwaka za kampuni za silaha za Marekani: wanafunzi wa uhasibu, wanahabari, wanachama wa vikundi vya uwekezaji, na ndugu zetu wa ughaibuni ambao akiba zao za uzeeni zimewekwa kwenye hisa hizo, mara nyingi pasipo wao kujua. Mfano mkuu ni Lockheed Martin. Kampuni jirani zimetajwa pale zinapotoa mwanga zaidi. Unaweza kuanza na swali lolote. Palipo na jibu refu mahali pengine, utaelekezwa kwa namba.

## Misingi

1. "Vihatarishi" ni nini, na vinaandikwa wapi?

Ni mambo ambayo kampuni yenyewe inakiri kwamba yanaweza kuiharibia biashara: mteja kupunguza bajeti, mgavi kushindwa kuleta vipuri, wadukuzi kuingia kwenye mitambo yake, serikali ya kigeni kuiwekea vikwazo. Kila kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Marekani hupeleka taarifa ya mwaka, Fomu 10-K, kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya nchi hiyo. Vihatarishi hukaa kwenye kipengele cha 1A. Kipengele hicho kimekuwa cha lazima kwa miaka ya fedha iliyoishia Desemba 2005 na kuendelea. Kabla ya hapo vilionekana zaidi kwenye waraka wa kuuza hisa mpya. Kampuni ndogo zimesamehewa.

Katikati ya mwaka kuna Fomu 10-Q, ya kila robo, ambayo inatakiwa kutaja mabadiliko mazito tangu taarifa ya mwaka. Zote zinapatikana bure kwenye hifadhi ya SEC iitwayo EDGAR.

2. Kwa nini kampuni ijianike hadharani namna hiyo?

Kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni sheria: anayekusanya fedha za umma sharti awaambie wenye fedha ubaya anaoujua. Ya pili ni kinga. Sheria ya mwaka 1995 huilinda kampuni dhidi ya kesi za wanahisa pale utabiri wake unapokosea, mradi utabiri huo uliambatana na tahadhari zenye maana. Kwa hiyo kila sentensi ya kipengele cha 1A ina wasomaji wawili, mwekezaji wa leo na hakimu wa kesho. Ukilisahau hilo, utashangaa kwa nini kampuni yenye faida kubwa inaandika kana kwamba kesho inafilisika.

3. Kwa nini mfano uwe Lockheed Martin?

Ni kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa mauzo ya silaha, na biashara yake haijachanganyika sana. Boeing huuza ndege za abiria, kwa hiyo vihatarishi vyake vya ulinzi vimesongwa na habari za mashirika ya ndege. Lockheed Martin, iliyozaliwa mwaka 1995 kwa kuungana kwa Lockheed na Martin Marietta, haina kazi kubwa nyingine. Mwaka 2024 iliuza dola bilioni 71, na asilimia 73 ya fedha hizo zilitoka serikali ya Marekani. Ndege vita moja, F-35, ilibeba asilimia 26.

Kuna faida nyingine kwa msomaji. Katika miaka ya karibuni huwa inawasilisha taarifa yake mapema, mwishoni mwa Januari, na imekuwa na kipengele cha 1A tangu kianze. Unapata mfululizo mrefu wa kampuni ileile, yenye mteja yuleyule.

4. Lakini si maneno yaleyale kila mwaka?

Sehemu kubwa, ndiyo. Aya nyingi zinanakiliwa kutoka mwaka uliopita, koma kwa koma. Wengi huishia hapo na kuufunga waraka.

Hapo ndipo utajiri ulipo. Mahali ambapo kila kitu kinanakiliwa, neno moja lililobadilika lina mtu aliyelibadilisha, mwanasheria aliyelipitia na kamati ya bodi iliyolikubali. Utafiti wa Lauren Cohen, Christopher Malloy na Quoc Nguyen, uliochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la *Journal of Finance*, ulilinganisha taarifa za kampuni za Marekani za miaka mingi. Ulikuta kwamba kampuni zilizobadilisha sana maneno ya taarifa zao zilifanya vibaya baadaye kwenye soko la hisa kuliko zilizoyaacha yalivyo, na kwamba soko lilichelewa kuligundua. Mabadiliko ya sehemu ya vihatarishi yalikuwa miongoni mwa yaliyobeba habari nyingi zaidi. Tafsiri yangu ni nyepesi: wenye fedha hawasomi.

## Kulinganisha mwaka na mwaka

5. Nalinganishaje taarifa mbili bila kupotea?

Pakua 10-K mbili, nakili kipengele cha 1A cha kila moja kwenye faili lake, kisha tumia kile kifaa cha kulinganisha nyaraka kilichomo kwenye programu ya kuandikia. Kitakuonyesha kilichoongezwa na kilichofutwa kwa rangi. Soma kwanza vichwa vya habari, ambavyo huandikwa kama sentensi kamili, halafu ingia ndani.

Ndani, fuata vitu vinne: vitenzi (swali la 7), namba na asilimia, majina mahususi ya nchi au miradi, na aya zilizotoweka (swali la 15). Nchi ikitajwa kwa jina mahali ambapo mwaka jana paliandikwa tu "baadhi ya nchi", kuna jambo limetokea.

Tahadhari moja. Usilinganishe taarifa ya mwaka wa fedha 2019 na ya 2020 ukadhani umegundua hazina. Novemba 2020 kanuni zilibadilika: vihatarishi sharti vipangwe chini ya vichwa vya makundi, vile vya jumla vinavyoweza kuihusu kampuni yoyote visogezwe mwishoni, na sehemu ikizidi kurasa 15 iwekewe muhtasari mwanzoni. Kampuni nyingi zilihamisha aya kwa sababu hiyo tu. Kwa mpaka huo, linganisha maudhui na uachane na mpangilio.

6. Kihatarishi cha kwanza kwenye orodha ndicho kikubwa kuliko vyote?

Kanuni hailazimishi kupanga kwa ukubwa. Hata hivyo Lockheed Martin kwa miaka mingi imekuwa ikianza na utegemezi wake kwa serikali ya Marekani, na hakuna atakayebisha. Kihatarishi kikipanda kutoka katikati kuja juu, kichukulie kama swali la kufuatilia kwenye hesabu. Peke yake hakithibitishi kitu.

7. Kwa nini wasomaji wazoefu wanang'ang'ania neno "inaweza"?

Kwa sababu ndilo neno lenye mgogoro kuliko yote kwenye kurasa hizi. Wanaoandika kwa Kiingereza wana kitenzi kidogo cha kubahatisha kinachojirudia kila mstari. Sisi tofauti tunaisikia kwenye kiambishi. "Mgavi *anaweza* kuchelewa." "Mgavi *amechelewa*." "Mgavi *amekuwa akichelewa, na tunatarajia ataendelea*." Sentensi tatu, hali tatu za fedha. Ya kwanza ni tahadhari. Ya pili ni habari. Ya tatu ni makadirio ya mwaka ujao, na ukiikuta, fungua ukurasa wa faida mara moja.

Mahakama za Marekani zimeligusa hili. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa, katika kesi ya wanahisa wa Alphabet, kampuni mama ya Google, iliona kwamba kueleza hatari kama jambo la kufikirika huku tayari imeshatokea kunaweza kuwa kumpotosha mwekezaji. Mwaka 2023 ikafuata njia hiyohiyo kwenye kesi ya Facebook. Facebook ilikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilisikiliza hoja kisha Novemba 2024 ikaifuta rufaa hiyo bila kuamua kiini chake. Uamuzi wa chini ukabaki.

Tangu hapo wanasheria wa kampuni wamekuwa makini zaidi na nyakati za vitenzi. Kwa msomaji hii ni neema: "imetokea" siku hizi huandikwa mapema kuliko zamani. Pia ina maana kwamba ukilinganisha taarifa ya 2014 na ya 2024, baadhi ya mabadiliko ya vitenzi yanatokana na woga wa mahakama, na biashara yenyewe huenda haijabadilika hivyo. Njia ya kutofautisha ni kutafuta kiasi cha fedha. Kitenzi cha wakati uliopita kinachoambatana na dola ni kizito. Kisicho na dola, kisome kwa utulivu.

## Vihatarishi vyenyewe vilivyobadilika

8. Hofu ya bajeti ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilibadilikaje?

Hiki ndicho kihatarishi chenye historia nzuri kuliko vyote kufuatilia.

Mwaka 2012, asilimia 82 ya mauzo ya Lockheed Martin yalitoka serikali ya Marekani. Agosti mwaka uliotangulia Kongresi ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti bajeti ambayo, kama wabunge wasingeafikiana, ingekata fedha za ulinzi kwa karibu dola bilioni 500 ndani ya miaka kumi. Kihatarishi kilichokuwa kimekaa kwa ujumla jumla, kwamba bajeti inaweza kupungua, kikapata jina, tarehe na mahesabu. Mkuu wa kampuni wakati huo, Robert Stevens, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba huenda ikabidi kuwapa wafanyakazi wengi notisi ya kupunguzwa kazi. Makato yakaanza Machi 2013. Oktoba mwaka huohuo shughuli za serikali zikafungwa kwa siku 16, na kampuni ikawapa likizo bila malipo wafanyakazi wapatao 2,400.

Na mauzo je? Yalishuka kutoka dola bilioni 47 mwaka 2012 hadi bilioni 45 mwaka 2013. Maumivu, ndiyo, lakini hayakufanana na kelele zilizotangulia. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani kihatarishi chenye aya ndefu ndicho kitakachouma zaidi. Urefu wa aya hupima wasiwasi wa walioandika siku ile.

Kufungwa kwa serikali kuliendelea kurudi. Kule kwa siku 35, Desemba 2018 hadi Januari 2019, kuliipita Pentagon pembeni kwa sababu bajeti yake ilikuwa imeshapitishwa. Kule kwa siku 43, Oktoba na Novemba 2025, hakukuiacha.

Mgeuko mkubwa ulikuja baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022. Maghala ya makombora ya nchi za Magharibi yakaanza kukauka na oda zikamiminika. Kufikia mwisho wa 2024 Lockheed Martin ilikuwa na kazi iliyokwishasainiwa lakini haijakamilishwa yenye thamani ya dola bilioni 176. Tangu hapo soma utaona uzito umehamia upande wa pili wa mizani: uhaba wa mafundi wenye ujuzi, injini za roketi za fueli ngumu, vipuri, mfumuko wa bei, wagavi wadogo wasiojiweza. Mwaka 2013 kampuni iliogopa kukosa kazi. Miaka kumi baadaye inaogopa kushindwa kuimaliza.

9. F-35 inaonekanaje ukiifuatilia mwaka hadi mwaka?

Mwanzoni iliandikwa kama mradi wenye matumaini na ucheleweshaji. Kadiri ilivyokua ndivyo ilivyogeuka kuwa kihatarishi cha kuweka mayai kwenye kapu moja: kama asilimia 20 ya mauzo mwaka 2015, asilimia 27 mwaka 2018, na tangu hapo imebaki karibu robo na kitu.

Matukio matatu yaliingia kwenye maandishi kwa zamu. La kwanza ni Uturuki. Julai 2019 mitambo ya ulinzi wa anga ya S-400 kutoka Urusi ilianza kutua Ankara, na siku chache baadaye Marekani ikaiondoa Uturuki kwenye mradi. Uturuki haikuwa mteja tu. Viwanda vyake vilikuwa vikitengeneza vipuri zaidi ya 900 vya ndege hiyo. Kihatarishi cha diplomasia na kihatarishi cha wagavi vikawa kitu kimoja usiku mmoja, na ilibidi watafutwe watengenezaji wengine.

La pili ni dogo, nami nalipenda kwa udogo wake. Septemba 2022 Pentagon ilisimamisha kupokea F-35 baada ya kubainika kwamba sumaku iliyomo kwenye mtambo mmoja wa ndege ilitumia aloi iliyotoka China, kinyume cha sheria ya ununuzi. Mtambo wenyewe ulitengenezwa na Honeywell, na sumaku ikatoka kwa mgavi wa mbali zaidi kwenye mnyororo. Kibali maalumu kilitolewa Oktoba na ndege zikaanza kupokewa tena. Kipande cha chuma kisichoonekana kilisimamisha kwa wiki kadhaa upokeaji wa ndege inayobeba robo ya biashara ya kampuni. Ukisoma kihatarishi cha "wagavi wa ngazi za chini" ukakiona kinachosha, kumbuka sumaku hiyo.

La tatu ni programu ya kompyuta. Kuanzia Julai 2023 ndege zilizotoka kiwandani zikiwa na maboresho yaitwayo TR-3 hazikupokewa kwa sababu programu yake haikuwa tayari. Ziliegeshwa hadi Julai 2024, zilipoanza kupokewa zikiwa na toleo pungufu, huku serikali ikizuia sehemu ya malipo. Hapa kitenzi kilihama kutoka "inaweza" kwenda "imetokea" ndani ya mwaka mmoja, na athari yake ilionekana kwenye mtiririko wa fedha.

10. Kwa nini mikataba ya bei isiyobadilika inatajwa kama hatari? Bei ya uhakika si jambo jema?

Ni jambo jema kwa mnunuzi. Kuna namna mbili kuu za mikataba. Katika ya kwanza serikali hurudisha gharama zote halali na kuongeza faida kidogo. Gharama zikipanda, ni zake. Katika ya pili bei imefungwa. Gharama zikipanda, kampuni inalia yenyewe. Fundi yeyote aliyekubali kujenga nyumba kwa bei ya mkupuo kisha saruji ikapanda anaijua hadithi hii.

Boeing ndiyo iliyowafunza wengine. Mwaka 2011 ilishinda zabuni ya ndege ya kujazia mafuta angani, KC-46, kwa bei iliyofungwa. Hasara zake kwenye mradi huo zimepita dola bilioni 7. Northrop Grumman ilitangaza Januari 2024 hasara ya dola bilioni 1.56 kwenye ndege ya B-21, na Aprili 2025 ikaongeza dola milioni 477.

Lockheed Martin ilikuwa imejivunia kukwepa mtego huo, lakini haikuwa salama. Januari 2025 ilitangaza kwamba robo ya mwisho ya 2024 ilikuwa na hasara ya dola bilioni 1.7 kwenye miradi ya siri, mmoja wa ndege na mwingine wa makombora. Julai 2025 ikaja nyingine ya dola bilioni 1.6: dola milioni 950 kwenye ule mradi wa siri wa ndege, dola milioni 570 kwenye helikopta za Kanada za shughuli za baharini, na dola milioni 95 kwenye helikopta za Uturuki. Hisa zilianguka siku hiyo kwa takribani asilimia 11.

Je, maandishi yaliashiria? Kwa mradi wa makombora, ndiyo. Taarifa za kabla zilishasema kwamba mradi unaleta hasara na kwamba serikali ikitumia haki yake ya kuagiza awamu zaidi kwa bei ileile, hasara itaongezeka. Aliyesoma kwa makini hakushtuka kwamba imekuja. Alishtuka kwa ukubwa wake. Kuhusu mradi wa ndege, tazama swali la 16.

11. Udukuzi uliingia lini?

Machi 2011 wadukuzi waliiingilia RSA, kampuni iliyotengeneza vile vifaa vidogo vya namba za siri za kuingilia kwenye mitandao ya makazini. Mwezi Mei Lockheed Martin ikashambuliwa na watu waliotumia walichokipata huko, na ikathibitisha hadharani kwamba shambulio lilikuwa kubwa, ikisema data za wateja na miradi hazikuibwa. Oktoba mwaka huohuo maofisa wa SEC walitoa mwongozo wa kwanza kuhusu kutangaza hatari za mtandaoni. Kutoka hapo aya ikaota matawi: wagavi, wafanyakazi wenye nia mbaya, mataifa yenye uwezo, kazi za kutoka nyumbani.

Mwaka 2023 kanuni mpya zilihamisha sehemu ya habari hizi kwenda kipengele chake, 1C, na kuilazimu kampuni kutangaza tukio zito ndani ya siku nne za kazi tangu ilipoamua kwamba ni zito. Kwa hiyo 1A ikionekana kuwa fupi kwa upande huo, angalia 1C kwanza.

12. China na Urusi zinaonekanaje?

Urusi ilianza kama mgavi. Roketi ya Atlas V, ya ubia ambao nusu yake ni ya Lockheed Martin na nusu ya Boeing, ilipaa kwa injini za Kirusi za RD-180. Baada ya Urusi kuiteka Crimea, rasi ya Ukraine, mwaka 2014, Kongresi ikabana matumizi ya injini hizo na Moscow nayo ikatishia kuzinyima. Kilichokuwa ununuzi wa kawaida kikawa jambo la usalama wa taifa.

China ilikwenda kwa ngazi. Ilitangaza vikwazo kwa sababu ya silaha zilizouzwa Taiwan mwaka 2020, ikarudia Februari 2022, na Februari 2023 ikaiweka Lockheed Martin kwenye orodha yake ya mashirika yasiyoaminika, siku chache baada ya Marekani kuangusha puto la China. Kwa mauzo, China si mteja wa maana. Uzito uko kwenye madini adimu, yakiwemo yanayotengenezea sumaku, na Aprili 2025 Beijing ilibana usafirishaji wa saba kati yake. Rudi kwenye ile sumaku ya swali la 9 utaona kwa nini.

13. Korona ilikuwa hatari kubwa kwao kama ilivyoandikwa?

Aya za mwaka 2020 ni ndefu na zenye hofu, lakini mauzo yalipanda kutoka dola bilioni 60 hivi mwaka 2019 hadi bilioni 65. Viwanda vya ulinzi vilihesabiwa kuwa vya lazima na Pentagon ikaharakisha malipo. Kilichobaki ni makovu kwa wagavi wadogo, ambayo yalijitokeza miaka miwili baadaye.

14. Kuna kihatarishi kilichofifia kwa kweli?

Pensheni. Miaka ya 2010 ahadi za mafao kwa wastaafu zilikuwa mzigo uliotishia fedha taslimu kila riba iliposhuka. Kampuni ikasimamisha kulimbikiza mafao hayo kwa waajiriwa wa mishahara kufikia Januari 2020, kisha ikahamishia sehemu ya deni kwa kampuni ya bima: dola bilioni 4.9 mwaka 2021 na bilioni 4.3 mwaka 2022. Aya ikanywea.

Lakini mwaka 2024 baadhi ya wastaafu walifungua kesi wakipinga kuhamishiwa huko. Hatari ilitoka kwenye kurasa za pensheni ikaingia kwa mlango wa mashauri ya kisheria.

## Maswali ya pembeni

15. Aya ikifutwa, hatari imekwisha?

Mara nyingine, ndiyo: Februari 2022 kampuni iliacha mpango wa kuinunua Aerojet Rocketdyne kwa dola bilioni 4.4 baada ya tume ya ushindani wa biashara kwenda mahakamani, na hatari za ununuzi huo zikafutika zenyewe. Mara nyingine aya imehamia kipengele kingine (swali la 11), au imemezwa na aya pana zaidi. Kabla ya kutangaza kwamba imeondolewa, tafuta maneno yake makuu kwenye waraka mzima. Ikiwa kweli haipo na hali haijabadilika, hilo ni swali zuri la kumuuliza ofisa wa mahusiano na wawekezaji.

16. Kampuni inaweza kutangaza vipi hatari ya mradi ambao ni siri ya taifa?

Kwa nusu. Inaweza kutaja kwamba upo, uko kitengo gani, na umeleta hasara kiasi gani. Haiwezi kusema ni ndege ya aina gani wala nini kimeshindikana. Kampuni yenyewe huandika kihatarishi kuhusu hali hiyo: kwamba mwekezaji hatapewa maelezo kamili.

Hapa ndipo ninapoona mfumo mzima unapofikia ukomo wake. Hasara ya dola milioni 950 ya Julai 2025 ilikuwa ya mradi ambao mwanahisa hana njia yoyote ya kuupima mapema. Anachoweza kufanya ni kuangalia kama hasara za miradi ya siri zinajirudia robo baada ya robo, na kuacha kuziita za mara moja zinaporudi.

17. Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Waulize Watanzania kuhusu "chenji ya rada". Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 Tanzania iliuziwa rada na BAE ya Uingereza kwa takribani pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu kuhusu shughuli zake Tanzania. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa manufaa ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule. Aliyekaa kwenye dawati hilo alikalia kihatarishi kilichotokea.

Kwenye taarifa za kampuni hizi, jambo kama hilo hukaa kwenye aya kavu kuhusu mawakala wa nje na sheria za kuzuia rushwa. Ni aya inayorukwa kuliko zote. Oktoba 2024 RTX, inayomiliki Raytheon, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 950 kumaliza mashauri yaliyohusu, pamoja na mengine, hongo Qatar na bei za udanganyifu kwa serikali ya Marekani. Ukiwa mwandishi wa habari kwetu, anza na aya hiyo kila nchi yako inapotaka kununua silaha.

18. BAE na kampuni nyingine za Ulaya zina 10-K?

BAE haina. Hutoa ripoti ya mwaka ya Kiingereza cha Uingereza yenye sehemu ya vihatarishi vikuu, fupi, mara nyingi kwenye jedwali, pamoja na maelezo ya hatua za kupunguza kila kimoja. Kulinganisha mwaka kwa mwaka ni rahisi zaidi huko. Kulinganisha BAE na Lockheed Martin neno kwa neno hakufai. Kanuni zilizowaongoza waandishi ni tofauti.

19. Nina jioni moja tu. Nisome nini?

Vipengele vya 1A vya Lockheed Martin vya miaka ya fedha 2012, 2019 na 2024, kwa mfuatano huo. Wa kwanza una hofu ya makato, wa pili una Uturuki, wa tatu una miradi ya siri. Ukichoka, soma vichwa vya habari tu kwenye huo wa 2019. Muda ukibaki, ongeza 10-Q ya robo ya pili ya 2025, uiweke kando ya taarifa ya 2024, na utafute aya ya mikataba ya bei isiyobadilika kwenye zote mbili.